Nyinyi nani?

Harusi ya mtaa wa Langoni, hapa Lamu, imepita, stima zikakatika usiku wa hina, hina yangu ikaharibika, lakini hayo yote sina habari nayo. Mimi mawazo bado yako kwa yule dada wa ushauri nasaha, nilikompeleka Kijino, mtoto wetu hapa nyumbani, anayesikia sauti ikimwita.

Alimuuliza Kijino, "Hiyo sauti ikikuita, unaogopa?" Kijino anacheza na zipu ya begi, juu chini juu chini, akasema, "Hapana, inaita jina langu tu. Naogopa nyinyi mkinyamaza."

Nyinyi nani sasa? Niko juu ya mbuzi nakuna nazi, nawaza, nyinyi nani? Mimi si mtu wa kunyamaza, mnanijua. Mamake huko Saudia akiambiwa habari ya hiyo sauti hunyamaza mpaka udhani bando imeisha. Bibi naye hunyamaza, midomo inasoma Ayatul Kursi, asubuhi yake kombe, zile aya za kuandikwa zikaoshwa mtoto anywe, liko tayari kwenye sahani. Basi ni wao. Lakini kasema nyinyi, na pale aliyekaa ni mimi peke yangu!

Dada hakukataza kombe, nilishukuru. Alisema tu watoto kusikia wasichosikia wengine, au kuona na kuamini mambo ya namna hiyo, si ajabu kama tunavyodhani, tafiti zilizokusanywa 2012 zilionyesha ni kama 17 kwa mia kwa wa miaka 9 hadi 12, ujanani wanapungua, na kwa wengi huisha yenyewe. Yeye anaangalia hofu: analala? anakula? wapo wanaomsumbua shule? (Wapo, nshawaandika hapa.) London wameijaribu tiba ya mazungumzo hasa kwa wa miaka 8 mpaka 14, na wa nyumbani nao huhusishwa, maana mtoto huangalia uso wa mkubwa ndo ajue aogope ama asiogope.

Sasa Ijumaa tuko kwenye pilau, Kijino akainua kichwa. "Inaita." Mkono wangu ukasimama na tonge. Bibi, wallahi Bibi huyu huyu, akamwambia, "Mwambie tunakula, aje baada ya alasiri."

Mtoto alicheka mpaka wali ukamtoka puani, akaomba pilipili, akaendelea kula. Ilipofika alasiri nikamuona Bibi anachungulia daka la mlangoni.

Tukitoka hapo, haya maji ya mfereji yamezidi chumvi, chai hainyweki, na huko Shela kwenye vilima vya mchanga, penye visima yanakotoka, naambiwa watu wanazidi kujenga tu.