Robert Cheruiyot yupi?

Mpira naujua. Riadha, kwa miaka yote niliyotangaza michezo kwenye redio moja ndogo ya Pwani, nilikuwa naisoma tu kwenye karatasi. Ndiyo maana siku moja, nikisimulia historia ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, nilisema bila hata kusitasita kwamba Robert Cheruiyot alishinda mara tano, na kwamba mwaka 2010 aliivunja rekodi yake mwenyewe ya 2006.

Simu ikalia kabla sijafika mwisho. Alikuwa mzee mmoja, mstaafu wa magereza, mtu wa Nandi aliyehamia huku zamani.

"Mwanangu, unamsema Robert yupi? Yule aliyeanguka Chicago, au yule kijana?"

Nikameza mate, nikaweka wimbo.

Jioni nilimpigia mwenyewe. Kumbe niliwaunganisha watu wawili. Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyezaliwa 1978, ndiye bingwa wa Boston wa 2003, 2006, 2007 na 2008. Ile rekodi ya 2006 aliiweka kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 14, akiipita rekodi ya zamani ya Cosmas Ndeti kwa sekunde moja tu. Mwaka huohuo, Chicago, aliteleza palepale kwenye mstari wa kumalizia, akaanguka chali na kugonga kichwa. Alishinda, lakini akaishia hospitali. Robert Kiprono Cheruiyot ni wa 1988, na hawana undugu. Huyu ndiye aliyeshinda Boston 2010 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52. Kwa hiyo rekodi ya Robert ilivunjwa na Robert, ila si yule niliyemtaja mimi.

Nikajitetea kwamba karatasi yangu iliandika "Robert K. Cheruiyot". Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa hiyo K itakusaidia nini, na wote wana K?"

Akanifundisha. Kwa Wakalenjin, jamii ya mzee na ya wakimbiaji hao, Kip hutangulia jina la mvulana. La msichana huanza na Chep au Jep. Kinachofuata mara nyingi husema mtoto alizaliwa wakati gani. Kipkoech alizaliwa kunapambazuka. Kiprono alizaliwa jioni, mbuzi wanaporudi nyumbani. Nikawakumbuka akina Juma wa mtaani kwetu, walioitwa hivyo kwa kuzaliwa Ijumaa. Hakuna anayewadhania ndugu. Mbona wakimbiaji nilikuwa nawachukulia kama wa boma moja?

Nilisahihisha hewani wiki iliyofuata, na kusema kweli haikuwa tamu. Kisha nikanunua daftari. Kila mkimbiaji nikamwandikia jina la kati kwa kirefu, mwaka wa kuzaliwa, na jambo moja ambalo ni lake peke yake. Hili la tatu ndilo lililonisaidia zaidi, maana tarehe hunitoka, lakini mtu aliyeanguka mstarini hanitoki.

Nikajipima kwa akina Mutai wa 2011, ambao nao si ndugu. Jumapili tarehe 17 Aprili, Emmanuel alishinda London kwa 2:04:40. Kesho yake Geoffrey akashinda Boston kwa 2:03:02, akiifuta rekodi ya Kiprono. Siku mbili, Mutai wawili, na kila mmoja kaweka rekodi mpya ya mbio alizokimbia! Novemba wakakutana New York: Geoffrey wa kwanza, Emmanuel wa pili. Habari hiyo niliisoma kidole kikiwa kwenye daftari, neno kwa neno, na sikukosea.

Simu ikalia tena. Nikajua ni nani.

"Leo umejitahidi, mwanangu. Na akina Kiplagat umeshawaandika?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba Edna ninaye, bingwa wa dunia wa marathoni 2011 na 2013, na Florence ninaye, aliyeshinda Berlin miaka hiyohiyo.

"Na Lornah, aliyekwenda kuiwakilisha Uholanzi mbioni?"

Nikafungua ukurasa mpya.