Kifurushi cha Blantyre

Juzi bodaboda kaleta kifurushi, mjukuu wangu akashika mkasi. Nilimfokea "Weka chini!" mpaka jirani akachungulia. Kumbe viatu.

Mwaka 1970 nilikuwa nikipokea barua kwenye ofisi ya ndugu zetu wa Msumbiji, Dar es Salaam. Kiongozi wao wa ukombozi, Eduardo Mondlane, alikuwa ameuawa tarehe 3 Februari 1969, Oyster Bay, kwa kitabu kilichokuja kama kifurushi, alipokifungua kikalipuka. Tangu hapo hapakuwa na barua ya kuchanwa ovyo. Hutikisi, hukunji, hufungui penye mkunjo, maana mtego hutegwa palepale mkono unapozoea kwenda. Unatazama: stempu zimezidi uzito? Upande mmoja unalemea? Pana tundu la pini, harufu ya lozi, doa la mafuta? Na usikitumbukize kwenye ndoo. Wengi hudhani maji huzima bomu, kumbe yanaweza kuunganisha umeme.

Siku moja kikaja kifurushi chenye mhuri wa Blantyre, Malawi, kamba ya katani, na doa la mafuta kwa chini, upana wa shilingi. Nilikilaza mezani taratibu, nikafungua madirisha, nikawatoa watu wote hadi ng'ambo ya barabara. Polisi walikuja, wakakivutia kamba ndefu uani.

Chupa ya achari ya embe. Kizibo kilikuwa kimelegea.

Mwenyewe aliyeandikiwa, mtu wa Zambézia, jimbo la Msumbiji, aliinama akainusa. Akainusa tena. Pilipili, vitunguu saumu, embe zimekatwa na kokwa lake, kama alivyokata mama yake. Alichovya kidole. Nakiona mpaka leo kile kidole, kimesimama karibu na mdomo, mafuta ya manjano yakishuka hadi kiganjani.

"Anwani kaandika nani?" akauliza. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Mwandiko wa mtu yeyote ungeweza kuwa wake.

Akajifuta kwa gazeti, akaomba jembe. Tuliifukia nyuma ya ofisi, chini ya mwarobaini. Nilimuuliza kama tuandike japo shukrani. Akasema jibu likikamatwa, PIDE, polisi wa siri wa Wareno, watafika kwa bibi kizee kabla ya salamu.

Asubuhi yake nilikuta kunguru wameifukua, wanagombea kokwa. Nilikaa nikiwatazama mpaka saa nne. Hakufa hata mmoja.

Sikumwambia.