Kinachobeba rangi

Jumapili, usiku

Leo nimeshinda kwa Mama, tunapaka rangi sebule. Ile picha ya Tingatinga ya ndege wawili ambayo Baba aliinunua Oysterbay kabla sijazaliwa ilibidi ishuke ukutani. "Mwanangu, futa mikono kwanza," Mama akaniambia, nami nikafuta. Nilipoigeuza niiegemeze kwenye kabati, nikauona mgongo wake kwa mara ya kwanza: hadibodi ya kahawia, upande ule unaokwaruza, na mistari miwili ya penseli pale fundi alipopima vibaya akapima tena. Nimekulia chini ya picha ile na sikuwahi kujiuliza imechorwa juu ya nini.

Tangu nirudi nyumbani nawaza hilo tu.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huo wa picha, alitoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alitumia vilivyouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi: ubao wa dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Ubao mzima wa futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, na picha nyingi za mwanzo ni za mraba wa kipimo hichohicho. Rangi yenyewe ni nzito, inang'aa, na ukiigusa kabla haijakauka inachafua kila kitu. Kwa hiyo unapaka rangi ya chini, unaiacha. Unamweka mnyama, unamwacha. Mwisho ndipo unarudi na brashi nyembamba kutia madoa, mistari na jicho. Kivuli laini hakitoki kwa rangi ile, basi uhai wote wa chui umebebwa na madoa yake. Nimewasikia watu wakiziita picha hizi za kitoto. Laiti wangeshika kopo moja la rangi wakajaribu kuchora mguu wa korongo bila kutetemeka!

Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku, jijini, wakimdhania mhalifu anayetoroka. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Huniuma kuona mtu akipita mbele ya picha zao akauliza bei bila kusimama kuzitazama.

Kutoka hapo mawazo yamenipeleka Lubumbashi, Kongo, kwa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Yeye alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Katikati ya miaka ya 1970 alichora historia nzima ya nchi yake, picha mia moja na moja, kuanzia wakati wa mababu, kupita mijeledi ya Wabelgiji, hadi kifo cha Lumumba, ambacho alikichora kama kifo cha Yesu. Na alimweleza mtafiti picha hizo, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, Kiswahili chao cha Katanga ambacho sisi wa pwani huwa tunakicheka bila sababu. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zikakatika. Picha zake ninazijua kwa kuziona vitabuni, lakini hata huko unaona amechora kama mtu anayesimulia kwa haraka, anayeogopa jambo litasahaulika kabla hajalimaliza.

Anayenishughulisha zaidi siku hizi ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea uchoraji London. Alikuwa anatumia turubai la kawaida mpaka alipokutana na lubugo kwenye soko la watalii Nairobi, ikiwa imekatwa vipande vya kuwekea vikombe. Lubugo ni gome la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Waganda hulibandua, hulilainisha kwa maji na kuligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linakuwa kitambaa, na mti hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Ni kitambaa cha heshima, na maiti huzikwa nacho. Kina matundu na mishono, nacho hakinyooki kama turubai. Armitage haifichi mishono hiyo. Inapita katikati ya nyuso za watu wake, na pengine tundu linabaki palepale penye kifua cha mtu. Anamtaja Goya, mchoraji wa Hispania wa zamani, kati ya waliomfundisha, na kwenye maonyesho yake ya mwaka 2021 pale Royal Academy, London, alitenga nafasi kwa wachoraji wakubwa wa kwetu: Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau, Sane Wadu. Hilo lilinigusa kuliko sifa zote alizopewa.

Ana mchoro wa Likoni, Mombasa, Machi 27, 2020, jioni ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi walipowapiga watu waliokuwa wakiwahi feri. Nimeuona kwenye simu tu, na bado nilishindwa kuendelea na chakula. Nafikiri ni kwa sababu ya lile gome. Unaona watu wanapigwa juu ya kitu ambacho chenyewe kimepigwa kwa nyundo, na ambacho desturi imekiweka kwa ajili ya marehemu.

Mama alinipa kipande cha hadibodi kilichobaki stoo. Nimenunua kopo dogo la rangi nyeusi na moja la njano. Rangi ya chini niliipaka saa kumi jioni na sasa ni saa tano. Nikiigusa bado inashika kidole. Ndege nitamwanza kesho jioni nikitoka kazini.