Nilivyojifunza besi ya Elijah ya Mendelssohn kwa kusikiliza rekodi, bila kujua nota za mistari

Watu wa kwaya mtanielewa haraka. Mi nimekulia kwaya ya Kilutheri kule Moshi, sauti ya nne, yaani besi, solfa (nota za herufi) mwanzo mwisho, d r m f s ubaoni na mwalimu anagonga kwa fimbo, nota za mistari nilikuwa nazijua kama unavyomjua jirani ambaye hamjawahi kusalimiana. Sa hivi nipo Birmingham, Uingereza, nahudumia wazee, shifti nyingi za usiku, na nikajiunga na kwaya moja ya mtaani ambayo haina mambo ya kujaribiwa sauti, unakuja, unalipa ada, unaimba. Mazoezi ya kwanza tu tukatangaziwa kazi ya msimu ni Elijah, yote, siyo vipande vipande. Nikapewa kitabu kinene nikafungua, mistari mitupu, hakuna hata do moja.

Kwa ambao hawajawahi kuisikia, Elijah ni oratorio, yaani habari ya nabii Eliya kutoka 1 Wafalme 17 hadi 19 na mwisho ule wa gari la moto kwenye 2 Wafalme, inaimbwa na waimbaji wa pekee, kwaya na okestra, hakuna maigizo wala mavazi, watu wamesimama tu wanaimba kwa zaidi ya saa mbili. Mendelssohn alikuwa Mjerumani, kazaliwa Hamburg 1809, maneno ya Kijerumani alisaidiwa na rafiki yake mchungaji Julius Schubring, ya Kiingereza yakatengenezwa na William Bartholomew, na mara ya kwanza kabisa iliimbwa hapahapa Birmingham, Town Hall, tarehe 26 Agosti 1846, mwenyewe akiongoza. Kwaya ilikuwa na watu 271 na okestra 125, na wasikilizaji wakapagawa mpaka vipande 8 ikabidi virudiwe. Mwaka uliofuata, Novemba, jamaa akafariki akiwa na miaka 38 tu. Lile jengo bado lipo, nguzo kama za hekalu la Kirumi, napita mbele yake nikienda kubadilisha basi na nilikuwa sijui kabisa ni la nini.

Na kilichonipa moyo ni kwamba hii solfa yetu imetoka nchi hii hii. Mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ndo aliianzisha, halafu mchungaji John Curwen akaichukua kwenye miaka ya 1840 akaitengeneza vizuri na kuisambaza, wafanyakazi wa viwandani na watoto wa shule za Jumapili wakaimba mambo makubwa kwa hiyo hiyo d r m, wamisionari wakaibeba mpaka kwetu. Kwa hiyo nikasema kama wao waliweza kuimba Elijah kwa solfa na mimi naweza, shida ni kuipata, na kwenye kitabu nilichopewa haipo. Basi nitaitoa kwenye rekodi kwa sikio.

Kabla ya kugusa besi yangu nilisoma zile sura kwenye Biblia ya Kiswahili, taratibu, na kitabu cha nota pembeni, nikawa naandika kwa penseli juu ya kila namba, yaani kila wimbo ulivyopangwa kitabuni, nani anaongea. Usiruke hapo. Kwaya kwenye Elijah haina mtu mmoja, mara ni wana wa Israeli wanalia njaa, mara ni manabii wa Baali, yule mungu mwingine anayepingwa na Eliya, mara ni malaika, na usipojua wewe ni nani kwa wakati huo utaimba yote kwa sura moja. Halafu siyo yote ni Wafalme, Schubring kachomeka Zaburi, Isaya, Yeremia, hata Mathayo, ndo maana unaweza kupotea ukifuata hadithi peke yake.

Sasa rekodi. Zipo nyingi sana na nakushauri usichukue ya kwanza inayotokea. Nilizozitumia ni tatu na kila moja ilikuwa na kazi yake. Ya kwanza ni ya mwongozaji Rafael Frühbeck de Burgos ya 1968, okestra ya New Philharmonia ya London, Eliya ni Dietrich Fischer-Dieskau, alto ni Janet Baker. Ni ya Kiingereza, na Fischer-Dieskau Kiingereza chake kina Kijerumani ndani lakini aisee yule baba anakuaminisha kweli amekaa jangwani. Ya pili ni ya Paul McCreesh iliyotoka 2012, wao walitaka kurudisha ukubwa ule ule wa 1846, wakakusanya waimbaji na wapigaji zaidi ya 400, Simon Keenlyside ndo Eliya, na kinanda kikubwa unachokisikia ni kile cha Town Hall ya Birmingham. Hiyo ni ya raha, sikiliza kwa spika nzuri majirani wakiwa hawapo, ila kujifunzia besi nakwambia ukweli ni ngumu, watu ni wengi mno, sauti yako inazama humo. Ya tatu ni ya Wolfgang Sawallisch, nayo 1968, Leipzig, okestra ya Gewandhaus ambayo Mendelssohn mwenyewe aliiongoza enzi zake, Theo Adam akiwa Eliya, ila ni Kijerumani kwa hiyo kwa kukariri maneno haikusaidii kitu. Mimi niliipenda kwa jinsi kwaya inavyotamka, kila herufi unaisikia, nikaiga ule ukali nikaupeleka kwenye Kiingereza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye zile rekodi za zamani za stirio besi mara nyingi wameelemea upande mmoja, kwangu nilikuwa nawasikia zaidi kulia, kwa hiyo navaa sikio moja la hedifoni, naingia kwenye ikwalaiza ya simu, pale pa kurekebisha sauti, napunguza za juu naongeza za chini, sopano wanasogea mbali kidogo na besi wanatokeza. Halafu kuna programu za simu zinazopunguza spidi bila kufanya sauti iwe nzito, naweka asilimia 75, naweka ijirudie mistari miwili tu, sizidishi. Naanzia mwishoni mwa wimbo narudi nyuma. Sababu ni kwamba mwisho ndo nyumbani, nota ya mwisho ya besi mara nyingi inakaa kwenye do, ukishaipata do unaandika kwa penseli chini ya nota, halafu unarudi nyuma kipande kwa kipande na kila kipande kipya unakiunganisha na kile ambacho tayari unakijua. Ukianzia mwanzo siku zote utakuwa mkali ukurasa wa kwanza na hoi ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho ndo unaosikika watu wakienda nyumbani.

Nilikwama kwenye namba 1, ile ya watu kumlilia Bwana awasaidie kwa sababu mavuno yamepita. Kila nikiweka do haikai. Nikajirekodi kipande nikamtumia mwalimu wangu wa kwaya wa Moshi kwa WhatsApp, shikamoo mwalimu, nisaidie hapa. Akajibu kwa sauti, marahaba mwanangu, acha kutafuta do, huu wimbo una majonzi, nyumbani kwake ni la, ile nota ya sita, anzia la uone. Nikaanzia la, yote ikajipanga. Mzee hajawahi kuisikia Elijah maisha yake yote na kaitatua akiwa dukani kwake.

Hapo hapo akanifungua sikio kwa kitu kingine. Oratorio hii inaanza kwa namna ya ajabu, kabla ya uvertua, ule muziki wa okestra wa kufungulia, kodi nne tu nzito, yaani nota kadhaa zikipigwa kwa pamoja, halafu Eliya anasimama anatangaza hakutakuwa na umande wala mvua. Akishatamka hayo maneno okestra inashuka mruko mbaya, kama fa kushuka hadi ti ya chini, halafu tena, halafu tena. Nilimtumia mwalimu na hicho, akasema huo mruko sisi kwenye kwaya tunaukwepa kwa sababu unachubua sikio, kauweka makusudi. Tangu hapo kila nikisikiliza naukuta umejificha kwingine, ile laana ya ukame inatembea ndani ya muziki hata pale ambapo hakuna anayeitaja.

Kuhusu zile rekodi za mazoezi za kompyuta, ambazo sauti yako inapigwa kwa nguvu na zingine kwa mbali, wenzangu wengi kwenye kwaya wanaishi kwa hizo. Mi nilizitumia sehemu chache tu zenye nusu nusu nyingi, yaani hatua ndogo za nusu toni, ambazo sikio lilikataa. Zinakupa nota sahihi, sikatai, lakini kompyuta haipumui, na wewe unatakiwa ujue unapumua wapi. Sikiliza besi wa kweli kwenye Zaburi ya 121, namba 29, ile ya mlinzi wa Israeli asiyesinzia wala kulala, sopano wanaanza taratibu, vyombo vya nyuzi chini yake vinatembea tatu tatu bila kusimama, na ukitega sikio vizuri unasikia watu wanavuta pumzi kabla ya kuingia. Nilikuwa naweka alama ya mkato kwa penseli kila niliposikia ile pumzi. Mwongozaji wetu alikuja kubadilisha chache tu.

Sehemu tamu kuliko zote ni Baali. Namba 11 hadi 13. Kwanza kwaya inagawanyika sauti nane, besi wa kwanza na wa pili, na muziki wa manabii wa Baali siyo wa kishetani hata kidogo, ni mzuri, una fahari, unaweza kuuimba kwenye harusi, na nadhani hapo ndo akili ya Mendelssohn ilipo kwa sababu wale watu waliamini kweli. Hawajibiwi. Eliya anawadhihaki, paazeni sauti, labda anazungumza, labda yuko safarini, labda kalala, wao wanazidi kupandisha na kuharakisha mpaka wanapiga kelele kumtaka ajibu, halafu kimya. Okestra kimya, kwaya kimya. Wanaita tena. Kimya tena.

Hapo ndo rekodi inaweza kukuponza. Kile kimya kila mwongozaji anakishika kwa urefu wake, de Burgos wake, McCreesh wake, na ukishakariri wa mmoja mwili unaingia wenyewe hata hujaamriwa. Mimi nilikuwa nimesikiliza zote tatu nikagundua hazilingani, nikaandika kwa herufi kubwa pembeni MTAZAME. Kwenye mazoezi ya mwisho mwongozaji wetu akakivuta kuliko rekodi zote, na jamaa mmoja mstari wa nyuma akaruka peke yake, Baa, kanisa zima, hakuna hata kinanda. Tulicheka mpaka tukaambiwa tutoke tukanywe chai.

Mvua nayo usiipite haraka, namba 19. Eliya anamtuma kijana akaangalie baharini, kijana anajibu hakuna kitu, mara tatu, sauti ya mtoto iko juu peke yake na okestra imenyamaza karibu yote, kwenye Biblia anatumwa mpaka mara ya saba ila Mendelssohn kafupisha. Kisha kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Halafu namba 20, shukrani, mafuriko, mawimbi, kwaya nzima inamwagika, na besi tunashika chini kabisa huku wengine wanakimbia juu. Sisi tuliotoka sehemu ambazo mvua ikichelewa watu wanakwenda kanisani kuiombea, ile namba hatuhitaji kuelezwa. Wenzangu Waingereza waliiimba vizuri sana, lakini mvua kwao ni kero, nilimwambia mama mmoja wa alto hivyo akacheka akasema kweli.

Siku ya onyesho tuliimba kanisani, okestra ndogo, Eliya tulikodi. Nilikuwa na kitabu mkononi kimejaa d r m yangu ya penseli, ila mwisho wa sehemu ya kwanza nilijikuta sijafungua kurasa kadhaa, macho yapo kwa mwongozaji. Tena wakati wa namba 26 ambapo Eliya amechoka anaomba afe, na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inalia naye, sisi kwaya tunakaa tu tunasikiliza, na yule baba aliimba nikasahau kabisa kama Fischer-Dieskau aliwahi kuwepo.

Msimu ujao wametangaza Paulus, ya huyo huyo Mendelssohn, ya 1836, na nimeshaanza kuandika solfa yangu. Kwa besi yeyote anayetaka kujaribu njia hii, anza na namba 29, ni ya polepole na rekodi zote zinaiimba kwa utulivu, halafu nenda 20, hizi za Baali za sauti nane ziache mpaka sikio lizoee. Tumia hedifoni za waya, za bluetooth zinachelewesha sauti kidogo na ukiwa unaimba juu yake unajikuta uko nyuma ya kila mtu. Penseli iwe laini, ya 2B, maana vile vitabu ni vya kuazima na mwisho wa msimu inabidi ufute yote.