Mkapumzike kidogo, ninyi wawili

Masomo: Zaburi 104:10–26, Marko 6:30–34, Kumbukumbu la Torati 24:5

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nasema na wanandoa, hasa ninyi mliokwisha kuvuka miaka ya mwanzo, mkazaa, mkajenga au mko katikati ya kujenga, na sasa mazungumzo yenu mengi yanaanza na "imebaki shilingi ngapi?" Huku kwetu Iringa likizo ya mwaka ina kazi zake na wote tunazijua: msiba ambao hujaenda kuhani, mahindi ya kuvuna Kilolo, tofali za kuchoma, mama mzee wa kupeleka hospitali. Mume anachukua likizo mwezi wa sita, mke anachukua ya kwake mwezi wa kumi na mbili, na hakuna anayeshangaa. Ukisema mnasafiri wawili tu, hakuna msiba wala harusi ya mtu, ndipo watu wanauliza kulikoni. Na sisi waumini ndio wa kwanza kusema hayo ni mambo ya wazungu.

Someni Kumbukumbu la Torati. Mtu akioa mke mpya asiende vitani, asitiwe shughuli yoyote, bali "awe faragha nyumbani mwake mwaka mmoja, apate kumfurahisha mkewe aliyemtwaa." Israeli ilikuwa na adui kila upande na kila mkono wenye upanga ulihitajika, lakini Mungu anamwondoa mwanaume jeshini kwa ajili ya furaha ya mke wake. Haisemi apate kumjengea, wala apate kumzalisha. Kumfurahisha. Sheria iliyoandikwa pamoja na sheria za mizani, za mjane na za mshahara wa kibarua! Mimi siwezi kuisoma halafu nikaiita furaha ya wanandoa kuwa ni anasa.

Na Bwana wetu vilevile. Mitume wamerudi kutoka kazi ya Injili, wana taarifa nyingi za kutoa, watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hakuna. Anawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Najua mapumziko yale yalikatishwa, makutano waliwatangulia kwa miguu na Yesu akawahurumia, akawafundisha. Lakini ile safari ya mashuani waliipata, wao na Yeye, maji pande zote. Hakuwaambia wasubiri mpaka wahitaji waishe.

Mwaka huu mimi na mume wangu tulisafiri. Tulidunduliza kidogo kidogo, parachichi zikachangia, tukaondoka mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza kutuita shambani. Biblia ilikuwa kwenye mkoba, na kila asubuhi tulisoma kipande cha Zaburi ya 104. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini safari ikafuata zaburi ile mstari kwa mstari: kwanza chemchemi na milima, halafu miti, mwishoni bahari.

"Apelekaye chemchemi katika mabonde, zapita kati ya milima." Tulishuka Kitonga, tukapita Mikumi, tukakata kulia kuelekea Mang'ula, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na sehemu yake kubwa iko mkoani kwetu. Wengi wetu tumezaliwa upande wa nyuma wa milima ile na hatujawahi kuingia msituni humo. Tulipanda mpaka maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake yanaanguka zaidi ya mita 170. Kupanda kule ni kwa pumzi. Msitu ni mzito, jua linafika chini kwa vipande tu, na mizizi ya miti mingine imesimama juu ya ardhi kuta kwa kuta, mrefu kuliko mtu. "Miti ya BWANA nayo imeshiba." Mume wangu, ambaye maisha yake yote ameutazama mti akiona mbao ngapi zimo ndani yake, aliweka kiganja kwenye shina moja akakaa nacho hapo muda mrefu.

Juu yetu walipita mbega wekundu wa Iringa, wenye nywele nyekundu utosini. Ni wa milima hii tu, hawako popote pengine duniani. Yupo pia nyani mdogo aitwaye mangabei wa Sanje, ambaye wataalamu wa wanyama walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimsikia siku zote. Mungu alikuwa amemlisha karne na karne bila jina lake kuwa kwenye kitabu chochote cha watu. Nalitafakari hilo bado, hasa ninapowaza akina mama wa vijijini wanaolea na kuomba bila yeyote kuwataja.

Jambo jingine niliambiwa na kijana aliyetuongoza. Maji ya Udzungwa yanateremka Kilombero, na Kilombero unaingia Rufiji. Hata Ruaha Mdogo, huu tunaouvuka pale Ipogolo kila siku bila kuugeukia, unaingia Ruaha Mkuu, unapita Mtera na Kidatu, nao unaishia Rufiji. Na Rufiji unamwaga maji yake baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Huko ndiko tulikokuwa tunaelekea.

Njia ya kwenda Mafia siielezi sana: Dar es Salaam, Kibiti, Nyamisati, halafu boti mpaka Kilindoni. Mtu wa nyanda za juu akifika huko siku ya kwanza anahangaika na joto tu. Jioni ile tulikaa ufukweni na bado tulikuwa tunaongea habari za mabati. Simu iliita, fundi anataka misumari. Nadhani wanandoa wengi wakirudi kutoka mapumzikoni wanasema "hatukuona faida" kwa sababu waliondoka kabla hata siku ya kwanza haijawatoka mwilini.

Bahari ya huko ina Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Tulipelekwa kwa mashua mpaka ghuba ya Chole, kwenye matumbawe. Mume wangu ni mtu wa Kilolo, hajui kuogelea. Akavishwa jaketi la kuokolea, miwani ya majini na mrija wa kupumulia, akasimama kwenye ngazi ya mashua ameshika chuma kwa mikono miwili. Yule kijana nahodha akamwambia, "Mzee, lala tu juu ya maji, chumvi itakubeba." Akalala. Chumvi ikambeba. Alipoinua uso alisema neno moja tu, "Mama!", na sijui kama alikuwa ananiita mimi au mama yake.

Wapendwa, kule chini kuna mji. Samaki wa njano wenye mistari myeusi, wa buluu iliyoiva, wengine wadogo kuliko kidole wanaingia na kutoka kwenye matawi ya tumbawe. Tuliambiwa tusikanyage kitu, kwa kuwa yapo matumbawe ya mviringo yanayokua kama sentimita moja tu kwa mwaka, na lile lenye kimo cha mtoto huenda lilianza kabla babu zetu hawajazaliwa.

Na hapa ndipo nilipopata tafakari ya wiki hii. Tumbawe tunaliona jiwe, lakini ni wanyama wadogo laini waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao anaishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani unapata makao, na kwa mwanga wa jua unatengeneza chakula unachomgawia mwenyeji wake. Sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe inatoka kwa huyu aliyemkaribisha, na rangi zile nzuri nyingi ni za mwani huo. Wawili ndani ya mwili mmoja, kila mmoja akiishi kwa mwenzake.

Maji yakizidi joto, wawili hao wanatengana. Mwani unatoka, na tumbawe linabaki jeupe, mifupa inaonekana. Wala halihitaji joto la kuchemka. Nyuzijoto 1 tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu wiki kadhaa, inatosha. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda hivyo, na matumbawe mengi ya ukanda huu wa Bahari ya Hindi, na ya Mafia yakiwemo, yalipauka na mengi yakafa.

Nimekaa na wanandoa wengi katika huduma, na nyumba nilizoona zikipauka si zile za kelele na vyombo kuvunjika. Ni nyumba za watu wema. Ada imezidi kidogo. Mgonjwa wa familia analala sebuleni mwezi wa nne sasa. Mke ana marejesho ya VICOBA, mume ana kamati ya ujenzi wa kanisa, jumatano ni kwaya, ijumaa ni maombi, jumamosi ni kikao cha harusi ya mtoto wa jirani. Hakuna dhambi hata moja hapo. Joto limezidi kidogo tu, ila halishuki. Siku moja mtu anamtazama mwenzake mezani na haoni rangi yoyote. (Nasi viongozi tujiulize. Kama mume na mke hawana jioni hata moja ya kwao katika wiki kwa sababu ya ratiba zetu, tunajenga nini na tunabomoa nini?)

Lakini sikieni hili, maana ndilo lililonitoa machozi. Tumbawe likipauka halijafa bado. Liko na njaa, ni dhaifu, lakini liko hai. Maji yakipoa mapema, mwani unarudi na rangi inarudi. Na hata pale palipokufa mengi mwaka ule, zipo sehemu zilizoota upya. Kwa hiyo nawe uliyesoma mpaka hapa ukasema moyoni kwamba "basi yetu ndiyo imekwisha," ngoja kwanza. Huenda haijafa. Huenda ni joto.

Zaburi ile ile inasema, "Mwanadamu atatoka kwenda kazini kwake, na kwenye utumishi wake mpaka jioni." Mungu ameiwekea kazi mwisho wake, na utumishi nao ameuwekea mwisho wake. Halafu mistari michache baadaye tunafika baharini, kwa lewiathani, yule mnyama mkubwa wa baharini, "uliyemwumba acheze humo." Nilimkumbuka huyo tulipomwona papa potwe upande wa Kilindoni, maana kuanzia mwezi wa kumi huwa wanasogea pale. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, mgongo una madoa meupe mwili mzima, na chakula chake ni vile vidogo vinavyoelea majini. Hana haja na mtu. Alipita chini ya mashua polepole, mrefu kuliko mashua yenyewe. Sikuona akifanya kazi yoyote. Aliumbwa acheze, na Muumba wake anafurahi kumwona akicheza.

Jioni moja maji yalipokupwa tulitembea kwenye fungu la mchanga. Mume wangu akaniambia kwamba anaogopa kustaafu. Anaogopa kuamka asubuhi bila mtu wa kumhitaji. Tumelala kitanda kimoja miaka mingi na sikuwahi kulisikia hilo, na nadhani nyumbani nisingelisikia kamwe, kwa sababu nyumbani angeanza kusema, mlango ungebishwa hodi. Tuliomba pale pale, tumesimama, miguu imelowa.

Si lazima iwe Mafia. Nyanda zetu za juu zimebarikiwa. Walioko Mbeya wana Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, na wana msitu wa Mlima Rungwe anakoishi kipunji, nyani ambaye wataalamu wamemjua tangu mwaka 2003 tu. Wana Kitulo, hifadhi tangu mwaka 2005, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yake yanaanza kufunguka mvua za mwezi wa kumi na mbili. Kiingilio cha hifadhi kwa raia kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Asiyeweza hata hiyo, aende kwa dada yake Mafinga siku mbili, simu izimwe, watembee msituni wawili jioni. Faragha ndiyo iliyoamriwa, umbali haukutajwa.

Ninyi mliofiwa na wenzi, najua wiki hii tafakari imewagusa mahali penye kidonda. Nimewataja mmoja mmoja mbele za Mungu nilipokuwa naandika.

Kwa wiki hii, kila mume na mke wasome Zaburi ya 104 yote pamoja, kwa sauti, wakipokezana, halafu wachague tarehe na waiandike. Najua vijana wengi watasema kikwazo ni watoto, na wanasema kweli. Sisi tunaoitwa babu na bibi katika jumuiya, vyumba tunavyo. Nyumbani kwetu tutapokea watoto wawili au watatu wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, waje na masweta yao. Wengine mtakaoweza, mwambieni mzee wa jumuiya kabla ya ibada ya Jumapili ili tupange nani anakwenda kwa nani.