Aliweka kalamu chini

Nimetoka kikaoni sasa hivi na moyo bado haujatulia.

Kikundi chetu kimekuwa kikivutana miezi miwili juu ya zamu za kazi. Wenye sauti kubwa ndio husikika. Wengine huinamisha vichwa.

Leo dada mmoja, mgeni kati yetu, alianza kueleza kwa nini zamu za jioni zinamwelemea. Akakatizwa. Akajaribu tena, akakatizwa tena.

Mwenyekiti hakufoka.
Aliweka kalamu chini, akamgeukia mwili mzima, akasema: "Tumekukatiza. Samahani. Endelea, tunakusikiliza."

Dada alipomaliza, mwenyekiti akairudia hoja yake kwa maneno mengine, kisha akamuuliza, "Nimekuelewa sawasawa?" Dada akasahihisha jambo moja. Mwenyekiti akafuta, akaandika upya.

Hiyo "tumekukatiza" ndiyo imenikaa moyoni. Yeye hakumkatiza mtu.

Aliyemkatiza mara ya pili ni mimi.

Nimemfuata yule dada mlangoni, nikamwomba radhi. Akanishika mkono, hakusema kitu.

Wapendwa, mmewahi kuongozwa na mtu wa namna hii? Alifanyaje watu wakasikilizana? Niandikieni hapa, nataka kujifunza.