Fildi ya jiolojia: makosa yanayoharibu ramani kabla hujapiga nyundo

Anayesoma jiolojia, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, hujaza madaftari kwa madini, visukuku, miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu. Yote yanahitajika. Ila somo lenyewe huonekana kwenye ramani: unapewa eneo la kilomita chache za mraba, dira, nyundo na muda, kisha urudi na mchoro unaoeleza kilichopo chini ya udongo. Ramani mbovu nyingi hazisababishwi na kutojua miamba. Huwa zimeshaharibika asubuhi ya siku ya kwanza, kwenye mipangilio ya vifaa.

Anza na GPS. Ramani za topografia za 1:50,000 za Tanzania na Kenya, zile za karatasi ambazo bado tunazitegemea, zimechorwa kwa datumi (mfumo wa rejea wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960. Simu na GPS, usipozigusa, hutumia datumi nyingine, WGS84. Tofauti ya hizo mbili hapa kwetu ni takriban mita 300, na sehemu kubwa yake ni ya kaskazini-kusini. Kwenye ramani ya 1:50,000 hizo ni milimita 6. Umesimama ndani ya korongo, ramani inakuonyesha uko mgongoni mwa kilima. Wengi hudhani GPS inakosea na huanza kusogeza vituo kwa macho, na hapo ndipo kazi inapoanza kuoza. Badilisha datumi kwenye GPS kabla ya kutoka, au chukua vituo vyote kwa WGS84 na uvigeuze ndani ya QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure. Namba za kukumbuka, ambazo programu hutumia kutambua mfumo wa ramani: Arc 1960 UTM (gridi inayoigawa dunia kwa kanda) kanda ya 37 kusini ni EPSG 21037, na WGS84 ya kanda hiyohiyo ni 32737. Kwa kanda ya 36 ni 21036 na 32736. Anayefanya kazi Dodoma awe macho zaidi, kwa sababu mpaka wa kanda hizo, longitudo 36, unapita mashariki kidogo tu ya mji. Juu ya kila ukurasa wa daftari andika datumi na kanda.

Halafu dira. Ukiishika Brunton, dira ya wanajiolojia, kwa mara ya kwanza utaona herufi za mashariki na magharibi zimebadilishana nafasi. Si mbovu. Sindano hubaki imeelekea kaskazini huku sahani ya namba ikizunguka pamoja na mkono wako, hivyo herufi zimegeuzwa ili sindano yenyewe ikusomee uelekeo sahihi. Tatizo la kweli ni sindano iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta ya sumaku, kwa hiyo ncha ya kusini huvutwa chini na kukwaruza sahani. Sindano inakwama, na kila kipimo kinatoka na kosa lake. Kwenye Brunton kuna kiwaya kilichozungushwa kwenye sindano: fungua kioo taratibu, kisogeze kuelekea ncha ya kaskazini mpaka sindano ilale sawa. Kwa dira nyingine, uliza kabla ya kununua kama imesawazishwa kwa ukanda wetu.

Nyundo iweke chini, hatua mbili tatu kutoka ulipo. Simu yenye kava la sumaku isikae mfuko wa shati. Na kuna mahali ambapo mwamba wenyewe ndio unaoidanganya dira: penye magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) nyingi, kama Liganga kule Ludewa, pima uelekeo kwa kulenga vilele vinavyoonekana kwenye ramani.

Sasa kipimo chenyewe. Chukulia uko mbele ya uso wa naisi, mwamba geu wenye mistari: mistari ya ulanga inang'aa, ganeti nyekundu zimejitokeza kama mbegu. Kwanza jiulize: huu ni mwamba ulioshikamana na ardhi, au ni jiwe lililobingirika? Tazama majirani zake. Kama mistari ya mawe matatu yaliyo karibu inaelekea pande tatu tofauti, hakuna cha kupima hapo, hata jiwe liwe kubwa kama nyumba. Ukiridhika kuwa ni mwamba ulioshikamana, laza daftari gumu juu ya uso ili mikwaruzo midogo isikudanganye. Mimina maji kidogo kutoka kwenye chupa: yanakotiririkia ndiko dipu, yaani mwinamo wa mwamba, iliko, na mstari wa mlalo unaokatisha mtiririko huo kwa pembe mraba ndio straiki. Weka ukingo wa dira kwenye straiki, kiputo cha usawa cha dira kitulie katikati, soma. Kisha pima mwinamo kwa klinometa (kipima mwinamo). Rudia mara tatu, sehemu tofauti za uso uleule. Zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 5, endelea kupima.

Jinsi ya kuandika ni suala la uhai na kifo kwa ramani. Kwa kanuni ya mkono wa kulia, ukitazama uelekeo wa straiki, dipu inakuwa upande wako wa kulia. Hivyo 040/35 maana yake ni mwamba unaoinama nyuzi 35 kuelekea kusini-mashariki. Mwenzako akiandika uelekeo wa dipu, mwamba huohuo kwake ni 130/35. Kundi likichanganya mitindo hiyo miwili bila kusema, hakuna atakayeweza kuitenganisha baadaye. Mimi ningelazimisha kila mtu aongeze herufi za upande, 040/35 SE. Ni herufi mbili tu, na kosa linaonekana papo hapo.

Barabara zilizochongwa milimani hutoa miamba safi, lakini ukuta wa barabara hukuonyesha mwinamo wa kuonekana, ambao huwa mdogo kuliko wa kweli. Tabaka lenye dipu ya nyuzi 45, likikatwa na ukuta ulio nyuzi 30 kutoka kwenye straiki, litaonekana limeinama nyuzi 27 hivi. Tafuta uso mwingine pembeni, hata wa kiganja kimoja.

Sampuli iwe ukubwa wa ngumi, ya ndani, isiyochakazwa na hali ya hewa. Namba iandikwe juu ya jiwe na kwenye mfuko pia, maana mifuko huchanika. Usigonge nyundo kwa nyundo: vipande vya chuma huruka na kupofua. Lenzi ya mara 10 isogeze jichoni, kisha lete jiwe kwenye lenzi. Penye udongo mtupu usikate tamaa. Kichuguu huleta juu udongo wa chini, na watafiti wa dhahabu hukichukulia sampuli kwa sababu hiyo.

Kabla ya yote hayo, ofisi ya mtendaji wa kijiji, na barua ya chuo mkononi. Mtu anayegonga mawe huhisiwa anatafuta dhahabu, na mashaka hayo ni halali kabisa kwa watu ambao ardhi ndiyo maisha yao. Eleza unachofanya, omba kijana anayejua njia, mlipe.

Jioni, kabla ya chakula, hamishia vituo vya siku kwenye ramani kwa wino mwembamba. Ukiona kituo cha 14 kinainamia kaskazini-magharibi wakati vya jirani vyote vinaelekea kusini-mashariki, huenda umekuta mkunjo, huenda umeandika straiki kinyume. Kesho asubuhi bado ni mwendo wa nusu saa kurudi pale na chupa ya maji.